Pikapu iliyogoma kila alfajiri: uchambuzi wa Hilux moja ya kubeba zabibu, Dodoma

Gari liliingia gerejini kwetu Kizota saa nane mchana, katikati ya Julai, likinguruma vizuri kama halijawahi kuumwa. Mwenyewe, mzee wa Hombolo, alitusalimu sote "Mbukwenyi", akalizima, kisha akaliwasha tena mbele yangu. Likawaka papo hapo. Akalizima, akaliwasha mara ya tatu. "Unaona, mwanangu? Mchana halina neno. Saa kumi na moja alfajiri ndiyo linanigeuka."

Nilimwomba aliache lilale kwetu. Alisita, kwa sababu usafiri wa jioni kurudi Hombolo si wa uhakika, na kwa sababu mafundi watatu waliotangulia hakuna hata mmoja aliyemwomba hivyo. Wote walilipokea mchana likiwa la moto, wakalipima likiwa la moto, wakamrudishia siku hiyohiyo. Wa kwanza alibadilisha hita plagi zote nne, zile za kupasha joto ndani ya injini kabla ya kuwasha. Wa pili alimuuzia betri mpya na kufungua selfu, ile mota ya kuwashia injini, kubadilisha kaboni. Wa tatu alitamka kwamba pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye silinda, imekwisha, mzee atafute shilingi 1,200,000 za pampu ya mtumba, na ufundi juu yake. Zilikuwa zimebaki wiki tatu aanze kukata zabibu za Agosti. Zabibu ikishakatwa haingoji. Mnunuzi anataka mzigo kabla jua halijapanda, na pikapu ikigoma alfajiri kreti zinabaki shambani zinalainika. Mzee alikuwa ameshaanza kuzungumza na jirani yake habari za kuuza mbuzi.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu pampu ile ilikuwa nzima, na ilibaki kidogo tu itolewe.

Gari lenyewe ni Hilux LN106 ya mwaka 1993, injini ya dizeli iitwayo 3L (ni jina lake, si lita tatu), silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,779. Hakuna kompyuta wala sensa ya kukuambia kosa liko wapi. Kila kitu kinafanya kazi kwa chuma, mpira na mvuto. Watu wanaipenda kwa hilo, na mimi naipenda kwa hilo, lakini ndilo pia linalowapoteza mafundi wengi kwenye tatizo la kuwaka. Injini hii haina pampu ya kusukuma dizeli kutoka kwenye tenki. Tenki liko chini ya bodi nyuma, na dizeli inapanda mbele kwa sababu moja tu: ndani ya pampu ya nozeli kuna pampu ndogo ya mabawa inayoivuta. Inavuta kupitia bomba la chuma linalolala kwenye chesesi, kupitia vipande vya mpira kwenye miunganiko, kupitia filta na ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, hadi kwenye mdomo wa pampu yenyewe. Njia yote hiyo, kutoka tenki hadi pampu, iko kwenye mvuto, yaani kanieneo ya ndani ni ndogo kuliko ya hewa ya nje.

Fundi anapaswa kuliona hilo akilini kabla hajashika spana. Bomba lenye msukumo likitoboka, dizeli inatoka nje, unaona unyevu, unanusa harufu, unajua pa kwenda. Bomba lenye mvuto likitoboka, dizeli haitoki. Upepo ndio unaingia. Na kwa kuwa hewa ni nyepesi mno kuliko dizeli, inapita kwenye ufa ambao dizeli isingepita hata ukiusubiri wiki nzima. Mafundi watatu walipita chini ya gari hili na tochi wakitafuta mahali palipolowa. Hapakuwa na mahali palipolowa.

Sasa chukua mrija wa soda, uujaze, ubane juu kwa kidole gumba. Soda haishuki. Legeza kidole kidogo sana, inashuka polepole. Ndicho kilichokuwa kikitokea kwenye Hilux ya mzee kila usiku. Injini ikizimwa, dizeli yote iliyo kati ya tenki na pampu inataka kurudi nyumbani, na kinachoizuia ni kwamba hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake, pamoja na vali ndogo zilizo ndani ya pampu ya mkono. Penye ufa, inashuka. Tofauti ya kimo kati ya tenki na pampu ni kama nusu mita tu, kwa hiyo mvuto ni mdogo na dizeli inashuka taratibu. Saa moja mbili za mchana hazitoshi. Saa nane za usiku zinatosha kabisa.

Kabla ya kugusa chochote nilimkalisha mzee kwenye benchi tukazungumza. Nusu saa ile ilikuwa na thamani kuliko kipimo chochote nilichokuja kukifanya baadaye. Nilimuuliza: asubuhi ukipiga selfu, nyuma kunatoka moshi? Akafikiri, akasema hakuna moshi hata kidogo, mpaka gari linapotaka kuwaka ndipo linatoa mweupe mwingi kwa mara moja. Nikamuuliza juu ya tenki. Hapo akashangaa kidogo, akasema ni kweli, siku akijaza fulu, kesho yake linawaka bila shida, na ikifika robo ndipo linakuwa baya zaidi. Yeye alidhani ni mafuta mapya yana nguvu. Nikamuuliza analaza wapi gari. Nyumbani kwake uwanja unainuka, gari linalala pua juu. Akija mjini analala kwa binti yake Ipagala, kwenye tambarare, na huko linasumbua kidogo tu. Alikuwa amehitimisha kwamba ni baridi ya upande wa bwawa la Hombolo.

Majibu hayo matatu yalinitosha kujua upande wa kutazama. Selfu inazunguka na hakuna moshi: dizeli haifiki kwenye silinda. Kama ingekuwa inafika lakini haiungui, kwa sababu hita plagi zimekufa au kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, imeshuka, ungeona moshi mweupe ukitoka kwenye ekzosi huku selfu ikizunguka, kwa sababu dizeli inapuliziwa ndani, inapata joto kidogo, inatoka kama mvuke. Na tenki likijaa, usawa wa dizeli unapanda, tofauti ya kimo inapungua, mvuto wa kurudi unapungua. Pua ikiinuka, tofauti inaongezeka. Baridi haijui tenki lina kiasi gani.

Na hapa ndipo niseme juu ya pampu, kwa sababu ndiyo iliyohukumiwa. Pampu ya aina hii inapochakaa kwelikweli, ile sehemu yake inayogawa dizeli kwa shinikizo kubwa inalegea, dizeli inavuja ndani kwa ndani. Lakini dizeli baridi ni nzito na dizeli ya moto ni nyepesi. Kwa hiyo pampu iliyochakaa inamsumbua mwenye gari injini ikiwa ya moto: amesafiri kutoka Manyoni, amesimama Bahi kunywa chai, akirudi haliwaki mpaka lipoe. Mafundi wa zamani huweka kitambaa chenye maji baridi juu ya pampu, na likiwaka baada ya hapo, wamepata jibu. Hilux ya mzee ilikuwa kinyume kabisa. Ya moto iliwaka kwa mguso, ya baridi iligoma. Tabia hiyo peke yake ilitosha kuiondolea pampu sehemu kubwa ya lawama, na aliyetaja shilingi 1,200,000 hakuuliza.

Jioni hiyo nilifanya yale ya haraka. Betri ilisoma volti 12.6 ikiwa imetulia na 10.4 selfu ikizunguka, kwa hiyo umeme ni mzuri na selfu ni nzuri. Nilitoa ule upau unaounganisha hita plagi nikazipima moja moja. Zote nne zilisoma chini ya omu 1, na umeme ulikuwa unazifikia. Nikafungua swichi huku kidole kikiwa juu ya koili ya kukata mafuta kwenye pampu, ikagonga "tik" kama inavyotakiwa. Kompresheni sikuipima, na sioni kosa: ikishuka ungeona moshi mweupe alfajiri selfu ikizunguka, na hapa moshi haukuwepo.

Kisha nikaweka macho mahali ambapo hayawezi kuwekwa kawaida. Nilinunua mita mbili za ule mpira mweupe unaoonyesha ndani, ambao mafundi ujenzi wanaupimia levo kwa maji. Nikakata kipande kimoja nikakiweka kati ya filta na pampu, kingine kabla ya filta, cha tatu kwenye ritani, bomba la kurudisha dizeli iliyozidi kwenye tenki. Nikapampu kwa mkono mpaka vyote vikajaa, nikawasha, nikazima. Nikapandisha magurudumu ya mbele juu ya vipande vya mbao, kama uwanja wa mzee. Tenki lilikuwa na robo. Tukafunga.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa pale na tochi. Julai Dodoma, kimo cha mita 1,100 na zaidi, upepo wa asubuhi unakata masikio. Nilifungua boneti: mpira wa kabla ya filta ulikuwa mtupu, wa baada ya filta ulikuwa mtupu hadi karibu na mdomo wa pampu. Nilipiga selfu sekunde kumi, hakuna moshi. Nikapumzisha, nikapiga tena kumi, hakuna. Nikashuka, nikabonyeza pampu ya mkono. Mara ya kwanza ilikuwa laini kama godoro, ikaanza kushika kwenye mara ya thelathini hivi, ikawa ngumu. Nikarudi kwenye swichi. Gari likawaka mara moja, likatoa wingu jeupe, likatulia.

Kijana wangu wa mafunzo aliuliza kwa nini mzee hakuambiwa tu abonyeze kila asubuhi. Wengi wanaishi hivyo, najua. Lakini pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Kila asubuhi inayozunguka na hewa ndani, vyuma vinasuguana vikavu. Ukiliacha hilo miaka miwili, ile hukumu ya uongo ya pampu kufa itakuwa ya kweli.

Usiku wa pili nilikosea, na nalieleza kosa hilo kwa sababu nimewaona wenzangu wengi wakilifanya na kuendelea nalo. Nia yangu ilikuwa kukata mfumo vipande viwili: nitumie dumu badala ya tenki, niingize dizeli kwenye mdomo wa filta, nione kama tatizo litabaki. Nikachukua dumu la lita 20, nikaliweka juu ya kibao pembeni ya injini, juu kidogo ya usawa wa pampu, ritani nayo nikairudisha humo, ncha yake ikizama. Asubuhi gari liliwaka bila kusita. Nikasema basi, filta na kila kilicho mbele yake ni vizima, tatizo liko kati ya filta na tenki. Nikamwambia kijana aingie chini aanze kufungua mabomba.

Akasimama na spana mkononi, akasema, "Fundi, samahani. Dumu likiwa juu, upepo utaingiaje? Si dizeli ndiyo itakuwa inasukuma?"

Alikuwa sahihi kabisa. Dumu likiwa juu, dizeli inashuka kwa uzito wake, ndani ya bomba hakuna mvuto tena, kuna msukumo. Ufa ule ule unaovuta hewa tenki likiwa chini hauwezi kuvuta chochote dumu likiwa juu. Nilikuwa nimeondoa ugonjwa kwa namna nilivyoupima. Siku nzima ya kufungua mabomba ya chesesi ingepotea, na huenda ningeyabadilisha yote kisha nikamwambia mzee nimeshindwa.

Kwa hiyo usiku wa tatu dumu lilikaa sakafuni, chini ya usawa wa tenki lenyewe, kila kitu kingine kikiwa vilevile. Alfajiri mipira ilikuwa mitupu na gari likagoma. Usiku wa nne niliiruka filta: kutoka dumu la sakafuni moja kwa moja hadi mdomo wa pampu, nikiweka katikati kifilta kidogo cha plastiki, kwa sababu kuingiza dizeli isiyochujwa kwenye pampu hata kwa dakika tano ni kuihatarisha. Alfajiri mpira ulikuwa umejaa hadi juu, na gari likawaka kwa selfu ya sekunde moja na nusu.

Pampu nzima. Mdomo wake mzima, sili ya shafti yake nzima, ritani za nozeli nzima. Kilichobaki kati ya usiku wa tatu na wa nne ni kichwa cha filta na pampu ya mkono iliyo juu yake.

Hapa sasa dumu la juu lilipata kazi yake halali. Ukijua kipande gani kina ufa na unataka kuuona, geuza mvuto uwe msukumo. Nilikausha kichwa cha filta kwa kitambaa na petroli kidogo, nikaacha kikauke, nikakipulizia poda ya mtoto, nikaweka dumu juu ya kibanda cha dereva. Baada ya saa tatu poda ilikuwa nyeupe kila mahali isipokuwa duara jembamba chini ya kitufe cha pampu ya mkono, pale chuma kinapobana kiwambo cha mpira. Duara lililolowa, upana wa uzi. Nilipokifungua, kiwambo kilikuwa kimekauka na kupasuka pembeni, na moja ya vali ndogo za ndani ilikuwa na chembe ya kutu inayoizuia isikae. Kwenye Hilux na Land Cruiser za dizeli za miaka hiyo nimekuta kiwambo hicho kimepasuka mara nyingi kiasi kwamba sasa ndicho cha kwanza kukishuku.

Tulinunua kichwa kipya pamoja na filta mpya. Bei yake ilikuwa sehemu ndogo sana ya ile ya pampu. Nilipofungua koki ya chini ya filta ya zamani kulitoka kama nusu kikombe cha maji na matope mepesi ya rangi ya udongo wa kwetu. Mzee alikiri kwamba akibanwa hununua dizeli ya kwenye madumu kijijini. Nilimwonyesha ile koki, nikamwonyesha jinsi ya kuifungua kila baada ya wiki mbili mpaka itoke dizeli safi. Alinisikiliza kwa makini, akaniomba nirudie.

Nilidhani tumemaliza. Usiku wa tano nilirudisha tenki lenyewe kwenye njia yake, kichwa kipya kikiwa mahali pake, pua juu, tenki robo. Asubuhi gari likawaka mara moja. Kisha, baada ya sekunde kama tatu, likakohoa, likashuka, likataka kuzima, likajikusanya. Nikatazama mpira wa kabla ya filta: kiputo kirefu cha hewa, karibu urefu wa kiganja, kilikuwa kinapita kuelekea mbele. Mpira wa ritani ulikuwa umejaa vizuri, kwa hiyo hewa haikutokea huko.

Gari lilikuwa na magonjwa mawili, na la kwanza lilikuwa limelificha la pili. Zamani dizeli yote ilikuwa inashuka, kwa hiyo gari halikuwaka kabisa. Sasa vali mpya za pampu ya mkono zilikuwa zinashikilia dizeli iliyo ndani ya filta na mbele yake. Hiyo ndiyo iliyoliwasha. Lakini nyuma ya vali bomba lilikuwa bado linapoteza dizeli usiku, na ile hewa ilipofika mbele ndipo injini ikakohoa. Gari likibadilisha namna ya kugoma baada ya ukarabati, usikate tamaa na usirudishe spea ya zamani. Limekuambia kwamba umetoa tabaka moja.

Kutafuta sehemu ya pili kulikuwa rahisi kwa sababu eneo lilishakuwa dogo. Nilitoa mpira kwenye kichwa cha filta, kijana akaziba upande wa tenki kwa bolti na klipu, nikaingiza upepo kwa pampu ya baiskeli. Kompresa ya gereji sikuitaka, ina nguvu nyingi kwa kazi hii, inaweza kupasua mpira uliokuwa mzima au kukufungulia ufa ambao haukuwepo. Povu la sabuni likapakwa kwenye kila muungano kuanzia mbele kwenda nyuma. Kwenye kipande kifupi cha mpira juu ya tenki, mahali ambapo vumbi la barabara limejishika kwa miaka, povu likachemka. Mpira ulikuwa mgumu kama ganda la muwa, umepasuka vifa vidogo pembeni mwa mahali ulipobanwa, na haukuwa umebanwa kwa klipu bali kwa waya wa kufungia nondo. Tena haukuwa mpira wa dizeli, ulikuwa mpira wa maji. Mtu fulani, miaka fulani, alikuwa barabarani na hana kingine, akafunga alichokuwa nacho ili afike. Simlaumu kwa siku ile. Nawalaumu waliolipokea baada yake, wakaosha injini ikang'aa na hawakuingia nyuma ya tairi.

Tuliweka mpira wa dizeli wa milimita 8, klipu mbili za skrubu zilizokazwa kiasi, maana klipu ikikazwa mno nayo inakata mpira. Nikatumia nafasi hiyo kubadilisha vipande vyote vitatu vya mpira kwenye njia ya kuvuta, na vile vidogo vya ritani kati ya nozeli, kwa sababu vilikuwa na umri uleule. Ile mipira ya levo niliitoa yote siku hiyohiyo. Inafaa kwa kipimo cha siku chache tu. Ikikaa kwenye dizeli na joto la injini inakakamaa na kupasuka, na utakuwa umempandikizia mteja ugonjwa uleule uliomtoa.

Kuna jambo moja alinieleza mzee wakati wa kuondoka ambalo linanikaa moyoni. Mwanawe, kwa kuona baba anahangaika alfajiri, alikuwa ameanza kulowesha kitambaa kwa petroli na kukiweka kwenye mdomo wa ekilina, injini inapovutia hewa, huku mwingine akipiga selfu. Wakati mwingine gari lililipuka kwa sauti kubwa kisha likawaka. Injini hii ina hita plagi zinazokuwa nyekundu ndani ya chemba, na inabana hewa zaidi ya mara ishirini. Mvuke wa petroli ukikuta joto hilo unawaka wakati wowote unaoutaka wenyewe, pistoni ikiwa bado inapanda. Unaweza kuvunja ringi, unaweza kupinda fimbo ya pistoni, na moto unaweza kurudi nje kupitia mdomo uleule ambako uso wa kijana umeinama. Spreyi za kuwashia ni hatari ileile ndani ya kopo. Nilimpigia huyo kijana simu mwenyewe, mzee akiwa amesimama pale, nikamwomba kitambaa kile akichome.

Usiku wa sita gari lililala likiwa limeinuliwa pua, tenki robo. Alfajiri, kabla sijagusa swichi, nilibonyeza pampu ya mkono. Ilikuwa ngumu mara ya kwanza. Taa ya hita ilizima, nikapiga selfu, likawaka ndani ya sekunde mbili na likakaa palepale bila kukohoa. Nikalizima, nikamwacha kijana aliwashe yeye.

Mzee alipita gerejini wiki ya tatu ya Agosti, saa mbili kasoro asubuhi, akitokea kupeleka kreti. Hakuja kwa tatizo. Alifungua boneti mwenyewe, akanionyesha koki ya filta aliyoifungua jana yake, na kwenye chupa ndogo ya maji alikuwa ameniletea kile kilichotoka ili nikitazame: dizeli safi, na chini kabisa tone moja la maji, dogo kama punje ya mtama.